Vietnam ya Sulimaniya

Siku ya pili ya likizo yao ya Vietnam, Madam Abir alikatazwa na mumewe kufungua pazia la sebuleni.

"Tuko Vietnam," alisema Baba Mansur, akiwa amelala kochini na soksi zake. "Mtu aliye Vietnam hafungui pazia huku Riyadh."

"Nataka hewa."

"Hewa iko uani."

Magdaline, mfanyakazi wa ndani kutoka Kenya, alikuwa akifuta vumbi kimyakimya. Alifuta mahali palepale alipokuwa amefuta asubuhi, maana nyumba ya watu waliojificha haichafuki sana. Ulikuwa mwaka ule ambao marupurupu ya wafanyakazi wa serikali yalikatwa, na watoto wawili wa Baba Mansur walikuwa wakisoma ng'ambo. Karo ilikuwa imekula safari. Lakini Madam Abir alikuwa tayari amewatangazia mawifi zake wa Jeddah kwamba mwaka huu wataenda mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga. Wifi yake mkubwa, Nawal, alikuwa ametoka Uturuki na hakuacha mtu alale kwa picha zake. Siku hiyo Madam Abir aliinua macho, akamwona Hien, mfanyakazi wake wa Vietnam, akikaanga samaki, akasema: Vietnam.

Sasa gari lilikuwa limefunikwa turubai. Taa za mbele zilizimwa. Titus, dereva, aliambiwa asionekane barabarani kabisa. Kijana huyo kutoka Machakos, aliyezoea kupiga gumzo kila jioni na Absalom, mlinzi wa jirani, alikaa chumbani mwake uani kama mtu aliyefungwa. Absalom mwenyewe alimtumia ujumbe wa sauti: "Titus, hawa watu wako wa Vietnam, mbona takataka zao zinatoka kila siku? Mifupa ya kuku inasafiri?"

Titus alimchezea Magdaline ujumbe huo jikoni, akacheka mpaka akashika meza.

"Mama Mitchelle, hii nyumba itatuua. Mimi niko abroad na sijatoka hata kwa gate."

"Cheka tu," alisema Magdaline. "Wewe huna harusi."

Hapo Titus akatia simu mfukoni. Kila mtu katika nyumba ile alijua habari za harusi. Mitchelle, binti pekee wa Magdaline, angefunga ndoa Jumamosi ya baada ya Pasaka, kanisani kwao Mwingi. Magdaline alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda na kurudi tangu mvua za vuli. Bila kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, kuitoa ruhusa hiyo, hata angelia machozi ya damu pale uwanja wa ndege, asingevuka. Kila alipouliza, Baba Mansur alisema inshallah huku akitazama televisheni.

Jioni hiyo Madam Abir alimwita chumbani, akafunga mlango.

"Wiki ijayo tunakwenda Jeddah kumwamkia Hajja," alisema. Hajja ndiye mama mzazi wa Baba Mansur. "Nawal atauliza habari za safari. Hataniuliza mimi. Atakuuliza wewe."

"Mimi, madam? Kwa nini?"

"Kwa sababu ya zile sambusa."

Magdaline aliinamisha kichwa. Sikukuu iliyopita Nawal alikuwa ameuliza mbele ya wageni nani alipika sambusa zile nzuri, na Magdaline akajibu, "Zilinunuliwa, madam." Tangu siku hiyo ukoo mzima ulijua kwamba anayetaka ukweli wa nyumba ya Abir amuulize yule Mkenya anayeshika Biblia.

"Utasema tulikwenda," alisema Madam Abir. "Jeddah ikipita salama, Baba atatoa ruhusa yako. Nawal akijua, halas, basi. Baba atakuwa na aibu na hasira, na mimi sitaweza kumwambia neno."

"Madam, mimi sisemi uongo. Naogopa Mungu."

"Mimi pia naogopa Mungu," alisema Madam Abir, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kweli. "Lakini Mungu hanialiki chai na kuniuliza maswali kama Nawal."

*

Magdaline alipiga magoti usiku huo kando ya kitanda chake, akamweleza Bwana jambo lote. Hien, aliyelala kitanda cha pili, hakuelewa Kikamba, ila alisikia Mitchelle, akasikia Vietnam, tena Mitchelle, tena Vietnam. Wao wawili walizungumza Kiarabu cha jikoni, kile kisicho na vitenzi vingi.

"Wewe kwa nini lia?"

Magdaline akamweleza. Hien alifikiri kidogo, kisha akaketi.

"Mimi nyumbani Hoi An. Mji mzee. Mimi uza taa karibu daraja, miaka mingi. Kila siku guide pita na watalii, sema maneno yaleyale. Mimi jua yote. Kesho mimi tembeza nyinyi. Wewe ona, wewe tembea. Baadaye wewe sema ulichoona. Mafi uongo, hakuna."

"Hapa ndani?"

"Hapa ndani. Nyumba kubwa. Watu wawili tu. Mji mzuri kabisa."

Kesho yake, chakula cha mchana kilipokwisha, Hien alitokea sebuleni ameshika mpini wa ufagio, na kwenye ncha yake amefunga kitambaa chekundu cha kukaushia vyombo. Baba Mansur alimtazama kama mtu anayeota.

"Nani hii?"

"Guide," alisema Hien. "Fuata bendera. Asipotee mtu."

Madam Abir, ambaye siku tatu hakuwa ameona jua, alivaa viatu vya kutembelea na miwani ya jua. Baba Mansur alisema huo ni upuuzi na kwamba yeye atabaki hotelini. Wakamwacha kochini. Lakini sebule ilipokuwa tupu, naye akisikia kicheko cha mkewe ukumbini, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu marupurupu yakatwe, alitafuta makubadhi yake akafuata.

Ukumbi ulikuwa mtaa mkuu. Huku na huku, alisema Hien, nyumba za zamani, kuta za manjano, kila dirisha lina taa ya hariri, nyekundu, buluu, rangi ya chungwa. Alikuwa ametundika vitambaa kwenye vitasa vya milango, na kila mlango alisimama akaeleza: hapa muuza dawa, hapa fundi nguo. Fundi nguo alikuwa Titus, ameketi chini na tepu ya kupimia shingoni.

"Karibu madam, nashona suti siku moja," alisema Titus.

"Kwa kiasi gani?" aliuliza Madam Abir.

Titus akataja bei. Madam Abir akamwambia hiyo ni bei ya kumwibia mgeni, akaondoka kwa maringo. Titus akamfuata ukumbi mzima akishusha, mpaka Hien akamwambia vizuri, ndivyo wanavyofanya.

Mlango wa jikoni kwenda uani ndio uliokuwa daraja. Hien alikuwa ameweka ubao ulioachwa na wapaka rangi juu ya kreti za maji, na shuka juu ya kamba likawa paa.

"Daraja hili zee sana," alisema. "Watu wa Japani walijenga. Lina paa, lina mahali pa kuomba. Mwanzo kuna sanamu ya nyani. Mwisho kuna sanamu ya mbwa. Tunahitaji nyani na mbwa." Alitazama huku na huku, naye hakujua chochote juu ya adabu za Waarabu na mbwa. "Baba, wewe kaa mbwa."

Magdaline alianza kuomba moyoni. Madam Abir alivua miwani. Titus alitazama dari.

Baba Mansur, mkuu wa idara katika wizara, alimtazama mfanyakazi wake kwa muda. Kisha akavuta ndoo, akaifudikiza, akaikalia, akakunja mikono.

"Nitakuwa nyani," alisema. "Mbwa iwe mashine ya kufyonza vumbi."

Wakapita darajani mmoja mmoja. Ng'ambo ya daraja palikuwa na mto, na mto alikuwa Titus tena, safari hii na mpira wa maji. Hien alieleza kwamba kila mwaka mto hufurika ukaingia majumbani, na watu wamezoea. Hufungua kifuniko kwenye dari, wakapandisha vitanda na mchele orofani, wakangoja. Titus, aliyekuwa amekaa bila kazi siku nyingi, alifurika kwa moyo wote. Maji yalivuka kizingiti yakaingia jikoni, yakafika ukumbini.

"Zulia," alipiga kelele Madam Abir.

Nyani aliacha ndoo yake. Wote watano wakalishika zulia wakalipandisha juu ya meza ya chakula, miguu ikiwa imelowa, na Baba Mansur akacheka mpaka akakohoa.

"Sawasawa kabisa," alisema Hien. "Hivi hivi nyumbani."

Walipokausha sakafu, msikiti wa mtaani ukaadhini alasiri. Hien akashusha bendera. Baba Mansur na mkewe wakatawadha, wakatandika miswala pale penye ukavu, kwenye ukumbi mdogo wa jikoni, wakasali. Magdaline alisimama kando na ndoo yake, naye akanong'ona sala yake, maana hakuona haya kusali wakati watu wanasali.

Baadaye Hien aliwapeleka mpaka mlango wa mwisho, wa stoo. Akauzuia kwa mgongo, bendera imelala begani.

"Na hapa?" aliuliza Madam Abir.

"Hapa nyumba ya mama yangu," alisema Hien. "Watalii mafi ingia."

Akageuka, akawarudisha sebuleni.

*

Jeddah walikwenda wote watano kwa gari, kwa sababu ndege pia ilikuwa imeliwa na karo. Titus aliendesha kutwa nzima jangwani, na njia nzima Madam Abir alikuwa nyuma akikwangua kwa ukucha kibandiko chini ya taa moja ya zawadi. Taa hizo zilikuwa za Ramadhani, zimenunuliwa dukani palepale Sulimaniya, mtaani kwao Riyadh. Hien alikuwa amezivua vioo akazivisha hariri ya gauni kuukuu.

Hajja aliishi mtaa wa Hindawiya, katika nyumba ya zamani aliyokataa kuihama ingawa ndugu zake wote walihamia kaskazini ya mji. Majirani zake sasa walikuwa wageni wa kila taifa, naye aliwajua kwa majina na kuwakemea watoto wao. Miguu ilikuwa imemshinda. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu kama hakimu.

Nawal alipokea taa yake, akashukuru, akaipindua kutazama chini.

"Imekwanguliwa," alisema.

"Ni mkono wa fundi," alisema Madam Abir. "Kule kila kitu ni kazi ya mkono."

"Na mji wenyewe unaitwaje?"

Madam Abir akautaja. Akaongeza mahekalu, milima, na hoteli yenye bwawa juu ya paa. Alipofika kwenye ngamia, Baba Mansur alikohoa.

"Vietnam kuna ngamia?" aliuliza Nawal kwa upole mkubwa. Kisha akageukia mlangoni, alipokuwa Magdaline na sinia ya kahawa. "Wewe. Weka sinia. Njoo utuambie."

Magdaline aliweka sinia mezani. Alifika katikati ya zulia, na kwa kuwa maisha yake yote alikuwa hajazungumza mbele ya watu ila kanisani, alisimama kama asimamavyo mtu wa kutoa ushuhuda, mikono mbele, macho yamefumbwa nusu.

"Namshukuru Mungu," alianza, "aliyetuongoza kutoka mwanzo hadi mwisho bila mtu kuumia."

"Amina," alisema Hajja, ambaye hakutarajia hilo na lilimpendeza.

"Kiongozi wetu alikuwa mbele na bendera nyekundu. Alituambia tusipotee, na hatukupotea. Tulipita mtaa wenye taa. Tukamwona fundi nguo. Madam alibishana naye bei mpaka mwisho, akamwacha."

"Huyo ndiye Abir," alisema wifi mwingine.

"Tukafika daraja lenye paa. Mwisho wake kuna mbwa, hana uhai. Mwanzo wake kuna nyani. Ameketi, amekunja mikono, ana uso wa mtu aliyekatwa mshahara."

Baba Mansur alipaliwa na kahawa.

"Kisha mto ukafurika. Nasema kweli mbele za Mungu, maji yaliingia ndani, miguu yetu ikalowa, na sisi wenyewe tulisaidia kupandisha zulia juu. Baba alicheka. Mimi niko nyumba ile miaka mitatu na sijawahi kumwona akicheka vile."

Safari ya Uturuki haikuwa na mafuriko. Nawal aliona kitu kikimponyoka, akasogea ukingoni mwa kiti.

"Maneno mazuri. Sasa nijibu neno moja. Mlipanda ndege mkaenda Vietnam, ndiyo au hapana?"

Madam Abir alitazama taa iliyokuwa mapajani mwake. Magdaline alimwona Mitchelle amesimama mlangoni mwa kanisa, akitazama barabara. Akaomba kimoyomoyo, kwa jina la Yesu, afunguliwe njia. Na njia akafunguliwa na muadhini wa Hindawiya, kwa kipaza sauti.

"Magharibi," alisema Hajja. "Mazungumzo baadaye. Wewe mwenye ushuhuda, nisukume nikatawadhe."

*

Bafuni Magdaline alimmiminia maji polepole. Hajja aliosha mikono, akasukutua, akaosha uso. Kisha akazuia birika.

"Mimi ndege sijali," alisema. "Wanangu wakisafiri husahau sala. Wakirudi wananiambia walisali, lakini mama anajua. Kwa hiyo wewe niambie. Mwanangu alisali huko?"

"Alisali, Hajja. Nilimwona kwa macho yangu."

"Alhamdulillahi. Na kibla walikipataje? Nchi ya mbali hivyo. Walielekea wapi?"

Hapa njia ilikwisha. Magdaline alishika birika kwa mikono miwili. Angeweza kusema magharibi, na pengine ingekuwa sawa, hata hakujua. Lakini mwanamke yule alikuwa na maji ya udhu yakimdondoka kwenye nyusi, anauliza juu ya sala, na Magdaline aliona kwamba akimchezea mtu mahali hapo, hata harusi haitakuwa tamu.

"Walielekea friji, Hajja."

Hajja alikuwa amerudia kusukutua. Maji yakamtoka kinywani, yakamlowesha Magdaline kifuani. Mabega yake yalianza kutikisika. Alicheka bila sauti, ameshika ukingo wa kiti, mpaka Magdaline akaogopa ataanguka.

"Ile friji kubwa?" aliuliza alipopata pumzi. "Ya fedha? Niliyowanunulia mimi?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi kibla kilikuwa sahihi." Akajifuta macho. "Mungu amsamehe mwanangu Mansur. Na wewe, kwa nini mnyoofu kama wewe umekubali kuburutwa katika mambo haya?"

Magdaline akamwambia. Habari za Mwingi, za Jumamosi ya baada ya Pasaka, za inshallah inayosemwa huku televisheni ikitazamwa. Hajja alisikiliza akimalizia miguu.

"Itabidi nianze udhu upya," alisema. "Nimecheka mpaka nikasahau kupaka kichwa maji. Mimina."

*

Walipomaliza kusali, Nawal hakuwa amesahau.

"Mama, tulikuwa tumefika kwenye ndege."

"Mimi nimemuuliza la sala," alisema Hajja, "nikajibiwa ukweli. Linanitosha, na lililonitosha mimi linakutosha wewe. Lakini nimevutiwa na huo mji. Kesho nataka kutembezwa."

"Kutembezwa wapi?" aliuliza Baba Mansur, rangi ikimbadilika.

"Vietnam, mwanangu. Si umeshaijua njia?"

Kesho yake baada ya alasiri, ukumbi wa Hindawiya ulitundikwa taa zote za zawadi. Magdaline alikuwa mbele na mpini wa ufagio, kitambaa chekundu juu. Nyuma yake Titus alisukuma kiti cha Hajja, na Hien alitembea kando akisahihisha. Nawal alisema kwanza kwamba yeye hachezi michezo ya jikoni. Alikuwa mtu wa mwisho kwenye mstari, naye alifika mpaka kwa muuza dawa ndipo akauliza kama hizo dawa zinasaidia magoti.

Madam Abir alikuwa amengoja aibu imwangukie tangu jana. Ilipochelewa sana, aliacha kuingoja, akamwonyesha wifi yake mahali pa kukanyaga.

Walipofika kwenye ubao uliowekwa kati ya jiko na ua, Magdaline akasimamisha bendera.

"Hili daraja ni zee sana," alisema. "Lina paa. Mwanzo wake kuna nyani."

"Nani nyani?" aliuliza Hajja.

Baba Mansur alishusha pumzi, akavuta ndoo, akaifudikiza, akaikalia mbele ya mama yake na dada yake, akakunja mikono. Nawal aliziba mdomo kwa shela, naye hakufanikiwa kuficha kicheko.

"Subirini," alisema Hajja. Kiti kikasimama katikati ya daraja. "Nyani ana simu?"

"Mama."

"Siku hizi ruhusa za wafanyakazi hutolewa kwenye simu, nimesikia. Huyu kiongozi wetu anaoza binti baada ya Pasaka yao. Nataka nione nyani wa Vietnam anavyotoa ruhusa."

Baba Mansur alimtazama mama yake, akamtazama mkewe. Madam Abir alikuwa akitikisa kichwa polepole, kuashiria ndiyo. Baba Mansur akatoa simu mfukoni. Alibonyeza, akangoja, akaandika namba ya ikama, kibali cha ukaazi cha Magdaline, ambayo Magdaline mwenyewe alimtajia kwa ghibu, akabonyeza tena. Simu iliyokuwa mfukoni mwa aproni ya Magdaline ikalia mlio wa ujumbe.

Magdaline hakuitoa. Aliishika kwa juu ya kitambaa, na mkono mwingine ukashika bendera isianguke. Midomo yake ilikuwa ikisema jambo, na kila mtu alijua linasemwa kwa nani.

"Asante mama," alisema Titus kwa Kiswahili, kwa niaba ya wote.

Baba Mansur akatia simu mfukoni, akashika magoti ili ainuke.

Hajja alikuwa ametazama mbele, kwenye mlango wa stoo ulio mwisho wa ua. Hien alikuwa amefika huko kabla ya msafara, kama alivyofika kule Riyadh, na alikuwa amesimama ameupa mgongo, akiwangoja watalii wasioruhusiwa kuingia.

"Pale ni wapi?" aliuliza Hajja.

"Pale ni nyumba ya mama yake," alisema Magdaline.

"Na yeye ameingia mara ya mwisho lini?"

Baba Mansur alianza kusema kitu.

"Kaa, utoe simu tena," alisema Hajja. "Nyani hainuki kabla watalii hawajaisha."